Mwaka mmoja wa msamaha: nani alinufaika VAT ilipoondolewa kwenye taulo za kike?

Tarehe 13 Juni 2019, Waziri wa Fedha na Mipango, Dk. Philip Mpango, alisoma hotuba ya bajeti bungeni Dodoma. Humo mlikuwa na pendekezo lililowashtua wengi: msamaha wa Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, kwenye taulo za kike ufutwe. Msamaha wenyewe ulikuwa haujatimiza hata mwaka. Waziri huyohuyo ndiye aliyeuleta katika hotuba ya Juni 2018, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huo. Sababu ya kuufuta ilitajwa waziwazi: bei madukani haikushuka, nafuu iliyokusudiwa kwa mtoto wa kike imeishia kwa wafanyabiashara.

Mjadala uliofuata ulikuwa mkali, lakini kwa maoni yangu ulikosa shabaha. Upande mmoja ulilaumu serikali kwamba haina huruma, upande wa pili ukawalaumu wafanyabiashara kwamba ni wachoyo, na hapo mazungumzo yakaishia. Ni wachache waliochukua kalamu wakapiga hesabu ya kodi yenyewe, waone ilikuwa inafanya nini ndani ya bei ya pakiti moja ya pedi. Nataka kuifanya hesabu hiyo hapa, kwa sababu naamini msamaha ule ulikuwa na kasoro tangu siku ulipoandikwa, na kasoro hiyo iliwaangukia zaidi watu tuliopaswa kuwashika mkono: mabinti wa Kitanzania wanaotengeneza pedi wenyewe, na ambao ndio haohao wanaozunguka mashuleni kuwafundisha wenzao kuhusu hedhi.

Walioufikisha bungeni

Jambo hili halikuzuka tu mwaka 2018. Asasi zilikuwa zikikutana kila Mei 28, Siku ya Hedhi Duniani, kupaza sauti. Bungeni, mbunge kijana wa Viti Maalum, Upendo Peneza, alisimama kudai taulo za kike kwa wanafunzi, mbele ya ukumbi ambao kwa muda mrefu haukuzoea kusikia neno hedhi likitajwa kama suala la bajeti. Mtaani nako kulikuwa na wajasiriamali waliokwisha kuingia kazini. Hyasintha Ntuyeko alikuwa ameanzisha Kasole Secrets, kampuni ya pedi za Glory. Jennifer Shigoli, kupitia Malkia Investments, alikuwa akitengeneza pedi za kufua za Elea. Na nyuma ya majina hayo mawili yanayofahamika kuna vikundi vingi vya akina dada na cherehani zao, katika wilaya ambazo hakuna kamera inayofika.

Mjasiriamali wa aina hii ana mzigo wa pekee. Asubuhi yuko shuleni anaongea na wanafunzi na mwalimu wa malezi, anaeleza mzunguko ni nini na kwa nini kitambaa kilichofichwa uvunguni bila kupigwa na jua kinaweza kumletea binti madhara. Mchana anahangaika na bei ya flana, na umeme, na alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango, na mteja anayetaka mkopo. Akidai kodi iondolewe, kuna watakaosema anajitafutia faida. Akinyamaza, wataambiwa wanafunzi wavumilie tena mwaka mwingine. Kwa hiyo anadai. Na ana haki ya kudai, kwa sababu hesabu ya familia maskini haina pa kujificha: pakiti ya shilingi 1,500 kwa mwezi ni shilingi 18,000 kwa mwaka, kwa binti mmoja. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji ambayo sera inampangia mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Yaani pedi peke yake zinazidi fedha ambayo nchi imeitenga kwa chaki, vitabu na ukarabati wa darasa la mtoto huyo. Nyumba yenye mabinti watatu inachagua kati ya pedi na unga, na sote tunajua unga ndio unaoshinda.

Pakiti moja, kodi moja, watu watatu

Kiwango cha VAT Tanzania Bara kilikuwa asilimia 18. Wengi walitarajia kwamba kodi ikiondoka, bei ingeshuka kwa asilimia 18. Haiwezekani, hata kama kila mfanyabiashara angekuwa malaika. Bidhaa ya shilingi 1,000 ikiongezewa kodi inakuwa 1,180. Kodi ikitoka, kinachotoka ni 180 ndani ya 1,180, na hiyo ni kama asilimia 15. Hapo tumeshapoteza sehemu ya ahadi kabla hatujafika dukani.

Linalofuata ni zito zaidi. Kuna njia mbili za kisheria za kutomtoza mlaji VAT, na kwa mlaji zinafanana kabisa. Ya kwanza ni kuitoza bidhaa kwa kiwango cha sifuri. Muuzaji hamtozi mteja kodi, na VAT aliyoilipa yeye mwenyewe kwenye malighafi, vifungashio au mashine anaidai Mamlaka ya Mapato, TRA, imrudishie. Ya pili ni kuisamehe bidhaa. Hapa pia muuzaji hamtozi mteja, lakini ile kodi aliyoilipa kwenye malighafi haidai kwa yeyote. Inabaki kwake, inageuka gharama. Mwaka 2018 Tanzania ilichagua njia ya pili.

Chukua mfano, kwa namba nilizozipanga ili tuone kodi inavyotembea. Kiwanda kidogo cha hapa nchini kinatumia malighafi na vifungashio vya shilingi 700 kwa pakiti, kabla ya kodi: massa ya karatasi, kemikali ya kunyonya majimaji, gundi, nailoni ya chini, mfuko. VAT ya vitu hivyo ni shilingi 126. Mishahara, pango na faida ni shilingi 500. Kabla ya Julai 2018, kiwanda kiliuza pakiti kwa 1,200, kikaongeza VAT ya 216, jumla 1,416. Katika zile 216 kilijirudishia 126 zake, kikapeleka TRA 90.

Msamaha ukaingia. Sasa hakitozi ile 216, lakini 126 ya malighafi haina pa kurudi. Ili kibaki na faida ileile lazima kiuze kwa 1,326. Bei imeshuka kwa shilingi 90 tu, karibu asilimia 6. Hizo 90 ndizo kodi pekee iliyokuwa imefutwa kwa kweli.

Jirani yake anaagiza pedi zilizokamilika kutoka nje, naye pia kabla ya msamaha alikuwa akiuza kwa 1,416. Kwa sababu pedi zimesamehewa, hatozwi VAT bandarini wala halazimiki kuitoza anapouza. Malighafi hakununua, kwa hiyo hana 126 ya kumrudisha nyuma. Anaweza kuuza kwa 1,200 na faida yake isipungue hata senti. Jana walikuwa sawa sokoni. Leo mwenye kiwanda cha Tanzania yuko juu kwa shilingi 126, na kilichompandisha ni msamaha uliotangazwa kwa jina la kumsaidia binti wa Kitanzania.

Mtu wa tatu ndiye ninayemfikiria zaidi, mshonaji wa pedi za kufua. Mauzo yake kwa mwaka hayakaribii shilingi milioni 100, kiwango ambacho wakati ule kilimlazimu mtu kusajiliwa VAT. Hajasajiliwa, hatozi, hajirudishii. Kitambaa cha pamba, flana na kile kisichopitisha maji ananunua dukani vikiwa na VAT ndani, na ataendelea kuvinunua hivyohivyo. Msamaha wa 2018 haukumpunguzia chochote. Ila kabla yake, huyu dada alikuwa na nafasi ndogo sokoni: yeye hakulazimika kumwongezea mteja asilimia 18 juu ya kazi ya mikono yake, wakati wale wakubwa walilazimika. Nafasi hiyo ikafutwa kwa siku moja, kwa sababu sasa hata wale wakubwa hawakutoza.

Sisemi haya ili ionekane msamaha ulikuwa jambo baya. Pedi rahisi ni jambo jema hata zikitoka nje ya nchi, na binti anayesubiri Jumatatu akiwa na hofu ya kuchafua sketi haulizi pakiti imetoka bandari gani. Ninachosema ni kwamba mwanaharakati aliye pia mzalishaji alisimama kwenye maandamano ya Mei 28 akidai kitu ambacho, kwa namna kilivyoandikwa, kilimnyima yeye soko bila kumpa binti nafuu ya maana. Na hakuna aliyemweleza.

Kwa nini dukani hapakuonekana kitu

Turudi kwenye hoja ya waziri. Ni kweli bei nyingi hazikusogea. Lakini fuata pakiti yetu hadi kwa Mangi wa mtaani. Duka lake halijasajiliwa VAT. Mwezi Julai 2018 rafu zake zina mzigo alioununua Kariakoo kwa bei ya zamani, kodi ikiwa ndani. Akishusha bei anapata hasara yeye mwenyewe. Mzigo mpya ukija, kama ni wa kiwanda cha hapa, umepungua shilingi 90 kiwandani, na 90 hiyo inapita kwa wakala, kwa mwenye duka la jumla, kwa bodaboda. Bei za dukani kwetu huenda kwa mia mbili na mia tano. Pakiti ya 2,000 haiwezi kuwa 1,910. Inabaki 2,000. Hakuna aliyekula njama. Nafuu ilikuwa ndogo kuliko hatua ya chini kabisa ambayo bei ya dukani inaweza kuipiga.

Upande wa pedi za kuagizwa, hapo kulikuwa na nafasi ya kushusha, na wapo waliobaki nayo. Lakini kubaki nayo si ajabu, maana hakuna aliyewazuia wala aliyewatazama. Mafuta ya petroli yana EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inayotangaza bei kikomo kila mwezi hadi kijijini. Pedi hazikuwa na mtu. Hakukutangazwa bei ya kuanzia, kwamba Juni 2018 pakiti fulani ya pedi nane ni kiasi gani Mwanza, kiasi gani Mtwara, ili Desemba tulinganishe. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hukusanya bei za bidhaa kila mwezi nchi nzima. Ingeweza kupewa kazi hiyo. Badala yake sera ilihukumiwa kwa kutazama rafu, ndani ya miezi isiyofika 12.

Uingereza ilipitia njia hiihii na ikapata jibu linalofanana. Tarehe 1 Januari 2021 iliondoa VAT ya asilimia 5 kwenye pedi na tamponi, tena kwa kiwango cha sifuri, si msamaha. Uchambuzi wa Tax Policy Associates wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilibaki kwa wauzaji. Kodi ikiwa ndogo na macho hakuna, bei hubaki palepale, London au Kariakoo.

Zawadi isiyofunguka

Hotuba ile ya 2019 haikuondoka mikono mitupu. Ilipendekeza kodi ya mapato ya kampuni ipunguzwe kutoka asilimia 30 hadi 25, kwa miaka miwili, kwa wawekezaji wapya wa kutengeneza taulo za kike. Lengo lilikuwa kuvuta viwanda vijengwe hapa, na lengo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Ila kodi ya mapato inatozwa kwenye faida. Anayeanza kiwanda mwaka 2019 ananunua mashine, anasubiri vibali, anafundisha wafanyakazi, anahangaikia soko. Faida, kama Mungu akijalia, ni mwaka wa tatu au wa nne. Punguzo lenyewe linakwisha mwaka wa pili. Mshonaji wetu ambaye hata kampuni hajasajili halimfikii kabisa.

Mzalishaji wa pedi angedai nini badala yake

Kwanza, kiwango cha sifuri. Afrika Kusini ilifanya hivyo kwa pedi kuanzia tarehe 1 Aprili 2019, miezi michache tu kabla sisi hatujaufuta msamaha wetu. Wala si jambo geni kwa sheria zetu: mwaka 2023 Tanzania iliweka kiwango cha sifuri kwa mavazi yanayotengenezwa nchini kwa pamba inayolimwa nchini. Kilichowezekana kwa shati kinawezekana kwa pedi. Tahadhari ni moja, na wenye viwanda wataitaja kabla sijamaliza sentensi: kiwango cha sifuri kinategemea marejesho, na kuchelewa kwa marejesho ya VAT ni kilio cha muda mrefu. Shilingi 126 inayorudi baada ya mwaka mzima imeshaua mtaji wa kiwanda kidogo. Kwa hiyo dai la sifuri liende pamoja na dai la muda maalum wa kurejesha, au malighafi za pedi zisamehewe zinapoingia bandarini ili kusiwe na cha kurejesha.

La pili halihusu kodi, na naliona kubwa kuliko la kwanza. Bei ikishuka hata kwa asilimia 15 nzima, binti ambaye nyumbani hakuna 2,000 hatakuwa na 1,700. Unafuu wa kodi humsaidia anayenunua tayari. Asiyenunua anahitaji pedi ziwepo shuleni, pamoja na maji, mlango wa choo unaofungwa na mahali pa kutupa au kufulia. Kenya iliondoa kodi kwenye pedi mapema, mwaka 2004, lakini mwaka 2017 ilibidi itunge tena sheria inayoitaka serikali impe kila msichana aliyebalehe katika shule ya umma pedi bure, za kutosha na zenye ubora. Miaka 13 ya kutotoza kodi ilikuwa haijamfikia msichana wa chini kabisa. Utekelezaji wa sheria ile umekuwa na mashimo yake, lakini imeweka wajibu mahali unapoweza kuulizwa.

Hapa kwetu vipande vipo, ila havijaunganishwa. Mwaka uleule wa 2018 sheria ilizibana halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Sheria ya ununuzi wa umma nayo ilishataka asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za umma yaende kwa makundi maalum, wakiwemo wanawake na vijana. Sasa fikiria halmashauri moja. Inakikopesha kikundi cha akina dada wanaoshona pedi. Shule zake zina maelfu ya wasichana. Kikundi kinahangaika kutafuta wateja sokoni, mkopo unachelewa kulipwa, na kilomita nne kutoka hapo mwalimu wa malezi anatoa fedha yake mfukoni kununua pakiti moja ya dharura ya kuweka ofisini. Halmashauri ileile ingeweza kununua pedi hizo kwa kikundi ilichokikopesha. Mshonaji angekuwa na mteja wa uhakika, na mteja wa uhakika kwake ni msaada kuliko punguzo lolote la kodi ambayo hata hailipi.

Mambo haya yana msimu wake. Wizara ya Fedha hupokea mapendekezo ya kodi miezi kadhaa kabla ya bajeti, na mwezi Juni Kamati ya Bunge ya Bajeti huwaita wadau watoe maoni juu ya Muswada wa Sheria ya Fedha. Wenye viwanda vikubwa hufika na wahasibu wao. Wanaharakati wa hedhi mara nyingi hufika na ushuhuda wa wasichana, ushuhuda wa kweli na wenye uchungu, lakini usiojibu swali moja ambalo afisa wa hazina ataliuliza: nafuu hii itamfikia nani, na utaipimaje? Binti anayetengeneza pedi anaweza kulijibu kuliko mtu yeyote ukumbini. Risiti za EFD, yaani za mashine ya kielektroniki ya kodi, za malighafi zake zinaonyesha VAT aliyoilipa, na daftari lake la mauzo linaonyesha bei ya kila mwezi na wilaya ilikokwenda pakiti. Miezi 12 ya daftari hilo, ikianza kabla ya badiliko lolote la kodi, ndiyo bei ya kuanzia ambayo mwaka 2018 hakuna aliyeiweka mezani.